Kitendo na Mazungumzo katika Hadithi Fupi ya Kiswahili

Utangulizi

Hadithi fupi ni utanzu usiokuwa na nafasi ya kupoteza. Mnamo mwaka wa 1842, Edgar Allan Poe wa Marekani, alipokuwa akizihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne, alishikilia kwamba kisa cha aina hii chapasa kusomeka katika kikao kimoja, yaani kati ya nusu saa na saa mbili, na kwamba mtungaji hana budi kulielekeza kila neno kwenye athari moja aliyoikusudia tangu mwanzo. Riwaya yaweza kumvumilia msimulizi anayesimama njiani ili atoe mawaidha, kisha akaendelea na safari yake. Hadithi fupi haina safari ndefu kiasi hicho. Msimulizi akisimama mara mbili tatu, kisa kimekwisha na msomaji hajaona kitu.

Hata hivyo, mtu akizisoma hadithi nyingi zinazotungwa na wanafunzi wa shule na vyuo vya Kenya, atakutana mara kwa mara na sentensi za namna hii: ‘Alikuwa mtu mwenye tamaa’, ‘Alihuzunika sana’, ‘Hapo ndipo alipojua kwamba majuto ni mjukuu’. Sentensi hizo hazina kosa la sarufi. Kasoro yake ni kwamba zinamwarifu msomaji matokeo ya hukumu ambayo yeye hakuhudhuria kesi yake. Tamaa ametajiwa, lakini hakumwona mtu akitamani. Huzuni ametajiwa, lakini hakusikia sauti ya aliyehuzunika.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kitendo na mazungumzo vinavyoweza kuitia uhai hadithi fupi, na hasa jinsi lugha ya Kiswahili yenyewe inavyompa mtungaji nyenzo za kazi hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba jambo hili si la pambo. Ni suala la haki: haki ya msomaji kuhukumu kwa macho yake, na haki ya mhusika, hata aliye mwovu, kusikilizwa kwa maneno yake mwenyewe.

Kueleza na kuonyesha

Tofauti kati ya kueleza na kuonyesha ni ya kale. Katika kitabu cha tatu cha ‘Jamhuri’, Plato anatenganisha usimulizi ambao mshairi anasema kwa sauti yake mwenyewe na ule ambao anaiga sauti za wahusika. Ili kulibainisha jambo hilo, anamfanya Socrates aichukue sehemu ya mwanzo ya ‘Iliad’ ya Homer, pale kuhani anapokuja kumwomba mfalme amrudishie binti yake, na kuisimulia upya pasipo neno lolote la mhusika. Habari inabaki ile ile, ila mzee hasikiki tena akiomba, wala mfalme hasikiki akimfukuza. Plato mwenyewe aliushuku uigaji. Lakini Aristotle, mwanafunzi wake, alimsifu Homer kwa sababu hiyo hiyo, kwamba alisema machache kwa kinywa chake na kuwaachia wahusika uwanja.

Zoezi hilo la Plato si geni kwa mwanafunzi wa Kenya. Ndilo lile afanyalo darasani anapoambiwa ageuze usemi halisi uwe usemi wa taarifa. ‘Lo! Wee, umerudi?’ hugeuka na kuwa ‘Alishangaa, akamuuliza kama alikuwa amerudi.’ Kwa sarufi zoezi hili lina manufaa makubwa. Kwa utungaji lina hatari yake, maana mwanafunzi huzoea kudhani kwamba taarifa ndiyo lugha ya adabu na usemi halisi ni malighafi isiyosafishwa. Tazama kilichopotea katika mfano huo mdogo: kihisishi ‘lo’ kimekuwa kitenzi cha maelezo, ‘wee’, neno ambalo mtu hamwambii kila mtu, limetoweka kabisa, na swali ambalo kwa kweli halikuwa swali, bali mshtuko, au furaha, au hofu, limekuwa swali la karani.

Chanzo cha pili cha mazoea haya kimo katika ngano. Aliyeketi mbele ya fanani na kuitikia ‘Pakawa’ baada ya kuambiwa ‘Paukwa’ anafahamu kwamba fanani hakuhitaji maneno mengi. Fisi alikuwa na sauti yake, Sungura na yake. Mikono ilionyesha ukubwa wa mzigo. Kimya kilijenga hofu. Akisema tu ‘Fisi alikuwa mlafi’, ulafi wenyewe ulikuwa tayari umeonekana usoni pake. Ngano za aina hiyo zilipotiwa katika maandishi, kama alivyofanya Edward Steere katika mkusanyo wa hadithi za Unguja uliochapishwa London mwaka 1870, maneno yalihifadhiwa, lakini uso, mkono na sauti havikuweza kuandikwa. Mtungaji wa hadithi fupi anayeiga muundo wa ngano hurithi maneno bila mwili wake. Hana budi, basi, kuurudisha mwili huo kwa njia nyingine, nayo ni kitendo na mazungumzo yaliyoandikwa kwa uangalifu.

Kitendo na nguvu za kitenzi

Kiswahili ni lugha ya vitenzi. Mambo ambayo lugha nyingine huyaeleza kwa vivumishi na vielezi, Kiswahili huweza kuyatia ndani ya kitenzi kimoja. Mtungaji anayeandika ‘alitembea polepole kwa siri’ ameandika maneno manne ambapo ‘alinyata’ lingetosha, tena lingeonekana zaidi. Mlevi hupepesuka, mgonjwa hujikokota, aliyeumia mguu huchechemea. Kila kitenzi hapo kimekwisha kutoa habari ya mtu kabla ya msimulizi kufungua kinywa kumweleza.

Vinyambuo navyo vina kazi kubwa. ‘Aliufunga mlango’ ni habari ya mlango. ‘Alimfungia mlango’ ni habari ya watu wawili. Kiambishi kimoja cha kutendea kimeleta ugomvi ambao sentensi nzima ya maelezo isingeuleta vizuri zaidi.

Fauka ya hayo, kuna viambishi vya wakati na hali. Kiambishi -ka- hufuatanisha vitendo na kuvisukuma mbele: ‘Akainuka. Akaufunga mlango. Akarudi kuketi.’ Msomaji anasikia hatua. Mtungaji akiandika ‘aliinuka, aliufunga mlango, alirudi kuketi’, vitendo vinakuwa orodha. Havizai kimoja kingine. Kiambishi -ki-, kwa upande wake, huweka mambo mawili katika dakika moja: ‘Alimjibu akichambua mchele.’ Kinywa chafanya hili, mikono yafanya lile, na mara nyingi ukweli umo mikononi. Ama kiambishi hu-, hicho hujenga mazoea, na mazoea ni mandhari nzuri ya tukio. Mathalan: ‘Kila jioni mzee huketi barazani. Jioni ile hakuketi.’ Katika sentensi hizi mbili hapajaelezwa hisia yoyote, lakini hakuna msomaji asiyetaka kujua kumetokea nini.

Tanakali za sauti ni hazina nyingine: mtu huanguka pu, hutumbukia chubwi, hulala fofofo. Lakini hazina hii huisha kwa israfu. Tanakali moja penye mshtuko humshtua msomaji. Kumi katika ukurasa mmoja humchosha.

Isidhaniwe kwamba kila kitendo kinafaa. Mhusika anayekuna kichwa, anayekohoa, anayetazama dirishani na kushusha pumzi, hafanyi chochote ila kumpa mtungaji muda wa kufikiri. Kitendo chenye kazi ni kile ambacho, kikiondolewa, hadithi hubadilika.

Mazungumzo na uhusiano wa watu

Katika Kiswahili watu wawili hawawezi kusemezana maneno matatu pasipo kufichua wao ni nani kwa wenziwao. Anayesema ‘shikamoo’ amekwisha kujiweka chini. Anayeitika ‘marahaba’ ameipokea heshima. Naye anayeisikia shikamoo akaitika ‘ehe’ amefanya jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipuuza. Desturi humtaka mgeni aliyepiga hodi mara tatu bila kuitikiwa aende zake. Mgeni wa hadithini akiingia baada ya hodi ya tatu, mtungaji hahitaji kuandika kwamba alikuwa mjeuri.

Hali kadhalika majina ya kuitana. Mke anayemwita mumewe ‘baba Saidi’ siku zote, kisha asubuhi moja akamwita ‘bwana wee’, ametangaza vita. Mjomba anayemwambia mpwawe ‘mwanangu’ wakati wa kuomba fedha na ‘kijana’ wakati wa kudaiwa, amejichora mwenyewe. Mtungaji anayewaacha wahusika wake waitane kwa majina tu, kama watu wa filamu zilizotafsiriwa, anaitupa nyenzo bora kuliko zote alizo nazo.

Yapo makosa matatu yanayoonekana sana katika mazungumzo ya hadithi. La kwanza ni mazungumzo ya kuarifu, ambamo mhusika anamwambia mwenzake mambo anayoyajua tayari: ‘Kama ujuavyo, mimi ni ndugu yako wa pili, na baba yetu alifariki mwaka juzi.’ Hakuna ndugu asemaye hivyo. Maneno hayo yanasemwa na mtungaji aliyejificha nyuma ya mlango.

Kosa la pili ni kuwapa wahusika wote ulimi mmoja. Karani, mchuuzi wa samaki, nyanya na mwanafunzi wa chuo wote husema Kiswahili cha kitabu cha sarufi. Rejesta zinapochanganywa namna hiyo, watu wanne huwa mtu mmoja aliyebadilisha kofia. Lakini dawa ya kosa hili isiwe kosa jingine. Wako watungaji wanaompa ulimi mbovu mhusika wa bara au mwenye duka wa asili ya Kihindi ili wasomaji wacheke. Tofauti ya watu imo zaidi katika wanachochagua kusema, katika urefu wa sentensi zao, katika methali wazipendazo na mambo wanayoyakwepa, kuliko katika kuharibiwa kwa ngeli.

Kosa la tatu ni hotuba. Katika ‘Kusadikika’ (1951), Shaaban Robert alimweka Karama mbele ya baraza kujitetea dhidi ya mashtaka ya waziri Majivuno, na maneno ya Karama ni marefu kwa sababu mahali penyewe ni pa kesi na kitabu chenyewe ni cha istiari. Hapo urefu una sababu. Mtungaji wa hadithi fupi anayempa kijana wa stendi ya matatu hotuba ya kurasa mbili juu ya maadili, hana baraza wala istiari ya kumkinga.

Pamoja na yanayosemwa, kuna yasiyosemwa. Mfano unaojulikana sana ni hadithi ya Ernest Hemingway, ‘Hills Like White Elephants’, iliyochapishwa mwaka 1927. Mwanamume na msichana wanangoja treni ya Madrid katika kituo kimoja cha Hispania. Wanakunywa, wanazungumza. Mwanamume anamshawishi msichana akubali operesheni ambayo hadithi nzima haiitaji kwa jina, lakini msomaji anaelewa kwamba ni ya kutoa mimba. Msimulizi hamwiti mwanamume mwenye choyo, wala msichana mnyonge. Anaandika tu walivyosema, na kwamba mwanamume aliibeba mizigo kuipeleka upande wa pili wa kituo. Msomaji anabaki na kazi ya kuhukumu.

Mswahili hahitaji kwenda Hispania kujifunza kusema bila kutaja. Mafumbo na vijembe ni sehemu ya maisha ya pwani. Leso yenye maandishi, iliyovaliwa siku fulani na kupitishwa mbele ya mlango fulani, ni kitendo na usemi kwa pamoja. Na aliyekusudiwa, akilalamika, atajibiwa kwamba ile ni nguo tu. Mtungaji anayeijua leso ameijua siri ya mazungumzo ya hadithi: neno zito ni lile ambalo msemaji anaweza kulikana.

Mfano

Ili hoja hizi zisibaki hewani, inafaa kisa kimoja kiandikwe kwa njia mbili. Kwanza kwa maelezo:

‘Baada ya kifo cha mumewe, mjane alisumbuliwa na shemeji yake, mtu mwenye tamaa na mjanja. Siku moja alikuja kudai hatimiliki ya shamba. Mjane alikuwa na hofu lakini alikuwa shupavu. Alikataa kumpa.’

Pili kwa kitendo na mazungumzo:

‘Hodi wenyewe!’

‘Karibu, shemeji. Kiti hicho.’ Mjane hakuuinua uso kutoka katika ungo.

Mgeni hakukikalia kiti alichoonyeshwa. Alikivuta kile cha mikono kilichokuwa dirishani, ambacho tangu arobaini hakuna aliyekikalia, akakipangusa vumbi, akaketi.

‘Watoto hawajambo, shemeji?’

‘Hawajambo. Wako shuleni.’

‘Karo je?’

‘Mungu anasaidia.’

‘Mungu husaidia kwa mikono ya watu. Ndiyo sababu nimekuja. Ile karatasi ya shamba ingekaa kwangu. Nyumba ya makuti hii, shemeji. Umesahau jirani yako alivyounguliwa?’

Mjane aliokota chuya moja, akaitupia kuku. ‘Chai utakunywa?’

‘Nazungumza habari ya karatasi.’

‘Nimekusikia. Nauliza chai.’

‘Marehemu angekuwa hai angekwambia hivi hivi.’

‘Angekuwa hai usingekuja.’

Akainuka na ungo wake, akaingia chumbani. Kitasa kikalia mara moja. Alipotoka alikuwa akifunga kitu kidogo katika pindo la leso.

‘Sukari imekwisha,’ alisema. ‘Labda ya rangi, bila sukari.’

Mgeni alikuwa amekwisha simama. ‘Haya,’ akasema, ‘mke wa marehemu.’

Maneno ‘tamaa’, ‘mjanja’, ‘hofu’ na ‘shupavu’ hayamo katika namna hii ya pili. Tamaa imo katika kiti. Ujanja umo katika kuanza na karo. Ushupavu umo katika chai, ambayo mjane anaitumia kama ngao, kwa kuwa hakuna awezaye kumlaumu mwenyeji kwa kumkaribisha mgeni. Kinachofungwa katika pindo la leso hakikutajwa, lakini msomaji amekisikia kitasa. Na kuvunjika kwa undugu hakukuelezwa: shemeji amekuwa ‘mke wa marehemu’, basi.

Haki ya mhusika

Jambo lililo muhimu kuliko yote katika mfano huo ni sentensi ya moto. Katika maelezo ya kwanza mgeni hana hoja. Ana tamaa tu. Katika namna ya pili ana hoja, nayo si ya upuuzi: nyumba za makuti huungua kweli, na hati huteketea. Msomaji analazimika kujiuliza kama mtu huyu ni mlaghai mtupu au ni ndugu anayechanganya kujali na kutaka. Akifika mwisho akaamua kwamba ni mlaghai, uamuzi huo ni wake. Hautamtoka kichwani kwa sababu ameufanyia kazi.

Hapa ndipo hadithi za mafunzo zinaposhindwa. Hadithi juu ya urithi wa wajane, ndoa za lazima au ulevi hutungwa kwa nia njema. Lakini mtungaji anayemnyima mkosaji maneno yake huwaandikia watu ambao tayari wanakubaliana naye. Msomaji aliye na shemeji wa kweli, mwenye maneno matamu na hoja za moto na karo, hatamtambua katika kikaragosi cha kitabuni. Atakifunga kitabu, na siku ya pili ataitoa hati yake. Maadili ya hadithi hayapungui mkosaji anaposema vizuri. Yanaanza hapo.

Mipaka

Pamoja na hayo yote, isichukuliwe kwamba kueleza ni dhambi. Wayne Booth, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya usanifu wa masimulizi, alionyesha kwamba mwandishi hawezi kujiondoa kabisa katika kazi yake. Hata uchaguzi wa kiti kipi kikaliwe ni sauti yake. Isitoshe, muhtasari una kazi yake ya halali. Miaka kumi isiyokuwa na tukio yapasa ipite kwa sentensi moja. Hadithi iliyojaa mazungumzo matupu kutoka mwanzo hadi mwisho ni tamthilia iliyokosa jukwaa, na msomaji wake hajui watu wamesimama wapi. Kanuni inayofaa ni kwamba mambo ya kupita yaelezwe, na mambo ya kuamuliwa yaonyeshwe. Mtungaji na atafute mahali ambapo mhusika angeweza kufanya hivi au vile. Hapo ndipo msimulizi anyamaze.

Hitimisho

Hadithi fupi sasa imekaa imara katika madarasa ya fasihi nchini Kenya; mikusanyo kama ‘Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine’ na ‘Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine’ ilitahiniwa katika shule za sekondari, na wanafunzi wengi wamejifunza kutaja dhamira na maudhui yake. Ingefaa wajifunze pia jinsi dhamira hizo zilivyofika ukurasani. Mwalimu anaweza kuanza kwa zoezi jepesi. Mwanafunzi aandike kisa chake, kisha afute kila kivumishi cha tabia na kila jina la hisia. Asome kilichobaki. Mahali ambapo tabia bado inaonekana, pana kitendo au neno la mhusika linaloibeba, hapo pasiguswe. Mahali ambapo imetoweka, mhusika huyo hajapata kusema wala kutenda. Na apewe zamu yake.